Penye Mkato

Swali lenyewe liliulizwa kwa simu na mwanafunzi wa darasa la nne, mtoto asiyeona, mwenye sauti nyembamba na adabu zake zote: "Samahani, hao wanyama ni wali au ni nyama?"

Meneja alicheka mpaka akakohoa. Kisha akalisikiliza somo lenyewe, na kicheko kikamkauka mdomoni. Kitabuni imeandikwa: *Wanyama hawa, ingawa wana meno makubwa, hawali nyama.* Lakini kwenye rekodi, sauti ya Mwalimu, kwa ule utulivu wake wa siku zote, ilisema: *Wanyama hawa, ingawa wana meno makubwa, wali nyama.*

"Ha" ilikuwa imekwenda zake, na imekwenda na maana.

Ofisi yao ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la madaftari, na kazi yao ilikuwa moja tu: kusoma vitabu vya shule kwa sauti, kuvirekodi, na kuwapelekea wanafunzi wasioona. Meneja alikuwa mtu mwema asiyejua kungoja. Hakuna sentensi aliyoimaliza bila kuuliza "lini?", na kwa hiyo nyuma yake waliomheshimu na wasiomheshimu walimwita Bwana Lini. Msomaji alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na kitu, ambaye kwa miaka minne sauti yake ndiyo iliyokuwa macho ya watoto wale. Na wa tatu alikuwa Fundi, mama kijana wa mtoto mmoja, aliyejifunza kompyuta katika madarasa ya jioni na ambaye mpaka leo, siku tatu kwa wiki, alikuwa bado anakwenda huko na daftari lake, miguu ikiburura.

Bwana Lini alisikiliza masomo mengine ya miezi miwili iliyopita. Akakuta silabi zimemezwa huku na kule, kama panya kapita kwenye gunia. Na miezi miwili iliyopita, kila mtu alikumbuka, ndipo Mwalimu alipowekewa meno ya bandia.

"Sipendi kumsingizia mtu mzima," alimwambia Fundi asubuhi ya Jumanne, mlango umefungwa. "Kabla sijasema neno nataka kujua kama ni mashine. Ipime. Niandikie, tena utie sahihi. Nitapata lini?"

"Leo, bosi."

"Leo lini?"

"Kabla ya saa sita."

Fundi aliingia chumba cha kurekodi. Kilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa vipande vya magodoro ukutani ili sauti isirudi, chenye joto la tanuri kwa sababu feni ingesikika. Dirisha la kioo lilimtenganisha msomaji na mtambo. Usiku uliopita mtoto hakulala. Jino la kwanza lilikuwa linapasua ufizi, na mama yake alikuwa amezunguka naye chumbani mpaka miguu ikasahau inakwenda wapi. Sasa alikaa mbele ya kompyuta akajipiga makofi mashavuni, polepole, kama mtu anayemwamsha mgeni.

Kompyuta zote za ofisi zilikuwa na programu moja ya kufuatilia matumizi ya umeme, kwa sababu jengo zima liliishi kwa betri za jua zilizokuwa kwenye paa, na betri zile zilikuwa na tabia ya kuishiwa pumzi alasiri. Programu ilionyesha mashine inakula umeme kiasi gani, na pia mwendo wa prosesa, ule ubongo wa kompyuta: unapiga mapigo mangapi kwa sekunde. Kazi ikiwa nyingi, mapigo hupanda hadi bilioni tatu. Kazi ikipungua, prosesa hushusha mapigo ili isile umeme bure, kama mpishi anavyopunguza moto chungu kikishachemka.

Fundi alifungua dirisha la programu hiyo, akalipanua likajaa kioo kizima cha kompyuta. Mstari wa kijani ukapita juu, umenyooka kama kamba ya nguo. Kila sekunde programu iliuliza, kila sekunde prosesa ikajibu: niko juu, niko juu, niko juu. Akavaa hedifoni, akawasha maikrofoni, akaisoma sentensi ile mara kumi. Mara zote kumi "hawali" ilitoka nzima.

Akaandika: *Mashine nimeipima. Ni nzima, haina kosa.* Akatia sahihi. Ilikuwa saa tano na nusu, na macho yake yalikuwa kama yamemwagiwa mchanga.

*

Bwana Lini hakumfukuza Mwalimu. Alimwambia tu apumzike kidogo, na kwamba Jumatatu watamjaribu msomaji mwingine, kijana. Lakini mtu aliyeishi mjini haambiwi maana ya "kupumzika kidogo".

Fundi alikutana naye kwenye ngazi. Mwalimu alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Meno tu."

"Pole yake. Yeye yanamwota, mimi nabandikwa, na sote tunalia." Alitabasamu, kisha haraka akaweka kiganja mdomoni. Fundi hakuwahi kumwona akifanya hivyo. "Niambie kweli. Nameza maneno?"

"Mwalimu, mimi..."

"Wewe ndiye unayenisikiliza. Miaka miwili unanisikiliza kuliko hata wanangu. Nameza?"

"Mashine ni nzima, mwalimu," alisema Fundi. Lilikuwa ndilo jibu pekee alilokuwa nalo. "Nimeipima mwenyewe."

Mwalimu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari ya msiba alioutazamia.

"Basi ni mimi," alisema. "Mimi mwenyewe nilijisikia niko sawa. Kumbe mtu hujisikia vile apendavyo." Akashuka, akihesabu kila kidato kwa mguu.

*

Jioni ile ilikuwa siku ya darasa. Fundi alipita nyumbani kwanza kumlisha mtoto. Mamamkwe wake, aliyeishi nao tangu mjukuu azaliwe, alikuwa anaosha vyombo, meza ameipa mgongo.

"Umechoka, mwanangu?"

Fundi akakaa wima. Mabega yakarudi nyuma, kijiko cha uji kikapanda.

"Aa, sijachoka, mama."

"Haya."

Maji yakatiririka. Sahani zikagongana. Mtoto alifungua mdomo mara moja, mara mbili, kisha akaanza kupiga meza kwa hasira, maana kijiko kilikuwa kimesimama hewani, nusu njia, nacho hakiendi mbele wala hakirudi.

"Ndiyo maana mimi siku hizi sikuulizi," alisema mamamkwe. Alikuwa anamtazama, si kwa kugeuka, bali ndani ya sufuria aliyoisugua mpaka ikawa kioo. "Nikikuuliza tu, unaamka. 'Sijachoka, mama.' Nikinyamaza, unasinzia na kijiko mkononi. Nikitaka kujua hali yako sikuulizi, nakuchungulia."

Fundi alifungua macho. Akakitazama kijiko. Akaitazama sufuria.

"Mama, umesemaje?"

"Nimesema mpe mtoto uji, atakula meza."

"Kabla ya hapo."

"Kwamba ukiulizwa unaamka. Lina ajabu gani hilo? Watu wote ndivyo walivyo. Nani aliwahi kuulizwa hujambo akasema nina jambo?"

Fundi alimaliza kumlisha mtoto. Darasani jioni ile mwalimu wake alieleza jambo kuhusu nyaya za mtandao, naye hakuandika hata mstari mmoja. Alikuwa anauona ule mstari wa kijani, ulionyooka mno. Kila sekunde programu inauliza, kisha inachora jibu, na kuchora nako ni kazi. Yeye alikuwa amelifungua dirisha likajaa kioo kizima. Alikuwa amemgongea mtu mlango usiku kucha, halafu akaandika kwamba mtu huyo halali.

*

Asubuhi iliyofuata alifika kabla ya wengine. Hakulifungua lile dirisha. Alijua sasa, kwa kusoma maelezo ya programu aliyokuwa ameyaruka siku zote, kwamba ina njia ya pili ya kufuatilia: isiulize chochote, ikae kimya nyuma ya pazia, na prosesa yenyewe inapobadilisha mwendo iache alama. Saa, dakika, sekunde, na sehemu ya elfu ya sekunde. Basi.

Aliiwasha hivyo, akafunga kila kitu kingine, akavaa hedifoni, akasoma.

Alisoma kama Mwalimu anavyosoma, kwa kuheshimu vituo. Mwalimu alikuwa na msemo wake: mkato si doa la wino, ni mahali pa kuvuta pumzi, na mtoto asiyeona huuona mkato kwa masikio. Kwa hiyo Fundi akavuta pumzi. *Wanyama hawa*, kimya, *ingawa wana meno makubwa*, kimya, *hawali nyama.*

Akajisikiliza.

*...meno makubwa, wali nyama.*

Sauti ilikuwa yake. Meno yalikuwa yake, yote, ya kuzaliwa nayo.

Alifungua orodha ya alama. Pale pale penye mkato, prosesa ilikuwa imeona kimya, ikadhani kazi imekwisha, ikashusha mapigo kutoka bilioni tatu mpaka milioni mia nane. Sauti iliporudi, ikaanza kuamka, lakini usingizi hautoki kwa amri. Kabla mapigo hayajapanda, silabi ya kwanza ilikuwa imeshapita mlangoni bila mtu wa kuipokea.

Akazichukua rekodi za miezi miwili, akaketi nazo na kalamu kutwa nzima. Alikuta silabi arobaini na moja zilizopotea. Akafungua vitabu, akatafuta kila moja ilipokuwa. Baada ya mkato. Baada ya nukta. Baada ya mkato. Hata moja haikuwa katikati ya maneno. Meno ya bandia, alifikiri, hayajui kusoma. Hayawezi kuchagua penye mkato.

Lilibaki jambo moja, nalo alilitafuta kwa shingo upande, maana alishaanza kulikumbuka. Katika mipangilio ya mashine, mbele ya maneno *kuokoa umeme*, palikuwa na alama ya kuwashwa, na tarehe, na jina la aliyewasha. Tarehe ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Jina lilikuwa lake. Betri zilikuwa zimeishiwa mchana ule, Bwana Lini alikuwa ameuliza mashine zitaanza lini kula kidogo, naye alipita chumba kwa chumba akiwasha, mtoto akimlilia kwenye simu, bila kufikiri kwamba mashine moja kati ya zile haikuwa ya kuandika barua.

Uchovu mwingine hauko miguuni.

*

"Ripoti yako hii hapa," alisema Bwana Lini kesho yake. "Inasema ni nzima."

"Ndiyo, bosi."

"Ina sahihi."

"Yangu."

"Na leo unasema ni mbovu."

"Si mbovu. Inasinzia. Na aliyeiambia isinzie ni mimi." Alivuta pumzi. "Halafu nilipoipima nilikuwa naiuliza kila sekunde, kwa hiyo haikupata nafasi ya kusinzia. Nilimwamsha mtu, nikamuuliza kama amelala."

Bwana Lini akavaa hedifoni, akasikiliza sauti ya Fundi ikisema "wali nyama", akazivua, akaziweka mezani kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Nimemwambia mama mtu mzima akapumzike," alisema, "kwa karatasi hii."

"Ndiyo."

"Ungeweza kunyamaza. Ungezima hicho kitu, kijana angeanza Jumatatu, mambo yangenyooka, nisingejua."

"Yeye angebaki anajua kwamba anameza maneno."

Bwana Lini akauliza lile lile, ila sauti ilikuwa imeshuka: "Atajua lini?"

"Leo. Nitakwenda mwenyewe."

*

Alikwenda na mtoto mgongoni, kwa sababu mamamkwe alikuwa na kliniki ya macho, na kwa sababu, akisema kweli, hakutaka kwenda peke yake.

Mwalimu alifungua mlango nusu. Mdomo wake ulikuwa umeingia ndani, mashavu yamebonyea. Nyuma yake, juu ya meza, meno yalikuwa ndani ya glasi ya maji, na kando yake palikuwa na kioo cha mkono na kitabu cha sayansi cha darasa la nne kilichofunguliwa.

"Ningejua unakuja ningeyavaa," alisema, kiganja mdomoni.

"Usiyavae, mwalimu. Sikiliza kwanza."

Akampa simu. Mwalimu akaiweka sikioni, akakunja uso. Akasikiliza tena.

"Huyu nani?"

"Mimi."

"Wewe? Na meno yako ishirini na nane?"

"Thelathini na mbili, mwalimu. Nimeyahesabu jana."

Mwalimu aliangua kicheko, kiganja kikaanguka, na mtoto, alipouona ule mdomo mtupu uliofanana na wake, akacheka pia, akanyoosha mkono kuugusa. Kwa dakika nzima ufizi ulichekeana na ufizi.

Kisha Fundi akaeleza. Hakuficha kitu: kuwasha, kupima, kutia sahihi. Alipofika mwisho, kicheko kilikuwa kimekwisha nyumbani mle.

"Ulipoandika mashine ni nzima," alisema Mwalimu, "uliandika mimi si mzima. Ni yale yale."

"Ndiyo. Nisamehe, mwalimu."

"Nimekaa na hiki kioo tangu juzi. Nimesema 'ha' mpaka jirani kauliza kama nakabwa." Alikifunga kitabu cha sayansi, akalifuta jalada kwa mkono ingawa halikuwa na vumbi. "Kukusamehe nimeshakusamehe, hilo si gumu. Ila masikio yangu siyaamini tena. Hilo sijui nitalifanyaje."

Mtoto ndiye aliyejibu, kwa kumshika Mwalimu pua.

*

Jumatatu Mwalimu alirudi, meno yake mdomoni, khanga begani. Bwana Lini alimpokea mlangoni, akasema maneno mengi ya kuomba radhi, na hakuna hata moja lililoanza wala kuishia na "lini". Kwenye mashine ile moja Fundi alikuwa ameuzima usingizi. Zile nyingine aliziacha zisinzie. Barua haina haraka ya sehemu ya elfu ya sekunde.

Wakaanza mwanzo, sura ya wanyama. Nyuma ya kioo, Fundi alisikiliza.

*Wanyama hawa, INgawa wana meno makubwa, HAwali nyama.*

Silabi zilikuwepo zote. Hazikupotea. Lakini kila penye mkato Mwalimu alikuwa anaikamia ile ya kwanza, anaisukuma kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango kisha anaujaribu tena kama umefunga kweli. Na kila alipomaliza sentensi aliinua macho kumtazama Fundi kwenye kioo. Fundi aliinua dole gumba. Mwalimu akaendelea, na kwenye mkato uliofuata akasukuma tena.

Mashine ilipona kwa kubofya mara moja. Fundi aliutazama ule uso ulioinuka kila sentensi, akajua huu hauna pa kubofya.

Walipopumzika, Mwalimu akauliza kupitia maikrofoni: "Habari za nyumbani, Fundi?"

"Nzu..." alianza, mabega yakiwa yameshaanza kunyooka. Akayaacha yashuke. "Mtoto hajalala siku nne, mwalimu. Na mimi nimechoka. Nimechoka sana."

"Ee," alisema Mwalimu. "Sasa umejibu. Haya, tuendelee. Sura ya pili ni ndefu."

Sura ya pili ilihusu mimea. Joto la chumba lilikuwa lile lile la tanuri, sauti ilikuwa tulivu, na mahali fulani kati ya mizizi na majani, kichwa cha Fundi kiliteremka, kikapata mkono wake juu ya meza, kikatulia hapo. Mashine haikusinzia. Aliyesinzia ni fundi wake.

Alipoamka, Mwalimu alikuwa ameshaondoka. Kwenye kioo ilikuwa imegandishwa karatasi yenye mwandiko wa ubaoni: *Nimemaliza sura. Sikutaka kukuamsha. Kasikilize.*

Alivaa hedifoni, akitafuta kosa. Mwanzoni mwa sura silabi zilisukumwa kama asubuhi: *MImea hii, HAihitaji...* Kisha, kwenye dakika ya kumi na mbili hivi, kilisikika kimya kirefu kuliko kawaida. Hapo, alielewa, ndipo Mwalimu alipoinua macho kwenye kioo na kukuta hakuna anayemsikiliza.

Na kutoka hapo alisoma tu. Alisoma kama zamani, kwa sauti ya chini kidogo, ya mtu mwenye mtoto aliyelala chumba cha pili. Kila penye mkato alivuta pumzi, na silabi iliyofuata ikaja yenyewe, nyepesi, nzima, bila kusukumwa na mtu.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaikata ile karatasi sehemu ya juu, yakabaki maneno *Sikutaka kukuamsha. Kasikilize*, akaibandika upande wake wa kioo, akaandika tarehe kwenye rekodi, na kwenda kumchukua mwanawe.